Matombo, Julai 1955: shamba ni lako, lakini nani anapanga matumizi yake?

Leo nina hadithi ndefu kidogo, kwa hiyo mwenye kikombe cha chai akisogeze karibu.

Kuna swali ambalo kila mwenye kipande cha ardhi hapa kwetu huliuliza siku moja, mara nyingi kwa hasira. Kama shamba ni langu, nani tena ana haki ya kuniambia nilime wapi, nijenge nini na mti upi nisiukate? Anauliza aliyenunua kiwanja mjini akaambiwa hapo ni makazi, gereji hairuhusiwi. Anauliza mkulima aliyeambiwa aondoe migomba yake kando ya mto. Mwaka 1955 Waluguru wa Matombo waliliuliza swali hilohilo kwa sauti kubwa, na wakajibiwa kwa risasi.

Nina sababu mbili za kuandika. Ya kwanza ni kwamba habari ya Matombo haisimuliwi inavyostahili. Shuleni tulifundishwa Maji Maji, tukafundishwa Wameru na safari ya Kirilo Japhet kwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Matombo ilipewa sentensi moja, na pengine hata hiyo hakuna. Sababu ya pili ni kwamba jambo lenyewe limegonga hodi nyumbani kwetu. Nitalieleza huko mbele.

Tuanze na mahali penyewe. Ukitoka Morogoro mjini ukashika barabara ya Bigwa, ukapita Mkuyuni, unafika Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Upande huu ndio unaopokea mvua za Bahari ya Hindi kabla ya wengine. Huko juu, karibu na misitu, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Watu wanalima mteremkoni: mahindi, mpunga wa mlimani, mihogo, ndizi, na siku hizi viungo kama karafuu, mdalasini na pilipili manga. Mito inayoanzia humo ndiyo inayoujaza Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Lishike hilo, tutalihitaji.

Jina Matombo linatokana na vilima vinavyofanana na matiti. Kwa Kiluguru tombo ni titi. Lakini neno hilo lina maana ya pili, na hiyo ndiyo ufunguo wa hadithi yote. Tombo ni pia watu wa uzao mmoja ndani ya ukoo, wale wanaohesabu asili yao kwa mama mmoja. Waluguru hufuata upande wa mama, na ardhi hufuata hukohuko. Shamba la tombo si la mtu mmoja. Linasimamiwa na mkubwa wa uzao huo, na watoto wa mabinti ndio wanaolirithi. Mtu wa tombo jingine anaweza kuomba kipande alime, akapewa, na kila mwaka akatoa ngoto, yaani kitu kidogo cha mavuno au fedha kuonyesha kwamba anajua ardhi ni ya nani. Ngoto haikuwa kodi ya kumtajirisha mtu. Ilikuwa kama sahihi inayorudiwa kila mwaka.

Mlimaji wa kuazima alikuwa na sharti moja kubwa: asipande miti ya kudumu. Ukipanda mnazi au mwembe umeanza kudai ardhi, maana mti unaishi kuliko makubaliano. Kwa hiyo mtu asidhani milima ile haikuwa na kanuni za matumizi ya ardhi kabla ya Mzungu. Zilikuwapo. Hazikuchorwa kwenye ramani, lakini kila mtu alijua nani anaruhusiwa kufanya nini na wapi, na nani wa kuulizwa pakiwa na ugomvi.

Juu ya kanuni hizo zikaja nyingine. Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola lao. Mwaka 1909 wakaanza kuitenga misitu ya juu ya Uluguru kuwa hifadhi. Waingereza nao, mwaka 1923, wakatunga Sheria ya Ardhi iliyotangaza kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma na iko chini ya Gavana. Mwaka 1928 ikarekebishwa ili kutambua kwamba wenyeji wanaomiliki kwa mila nao wana haki ya kumiliki. Soma vizuri hapo. Mluguru alitambuliwa kuwa na haki ya kutumia, lakini mwenye ardhi kwa maandishi alikuwa mwingine. Na anayekuwa mwenye ardhi kwa maandishi ndiye anayejiona ana ruhusa ya kupanga matumizi.

Hofu ya mmomonyoko nayo ilikuwa na historia yake. Miaka ya 1930 nyanda za kati za Marekani zilikauka, upepo ukabeba udongo kama wingu, wakulima wakahama kwa maelfu. Mwaka 1935 Marekani iliunda idara ya serikali ya kuhifadhi udongo. Habari zile ziliwatisha watawala wa Kiingereza Afrika Mashariki nzima. Kila walipoona mlima uliolimwa, waliona jangwa linakuja. Baada ya Vita Kuu ya Pili mipango ikamwagika. Mlalo huko Usambara ilianza mwaka 1946, Usukumani mwaka 1947, na kule Murang'a nchini Kenya wanawake walilazimishwa kuchimba matuta mpaka mwaka 1947 na 1948 wakagoma.

Zamu ya Uluguru ilifika mwaka 1950, ulipoanza mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Kwa lugha ya leo tungesema serikali iliigawa milima kwa matumizi. Miteremko inayolimika ikatwe matuta ya ngazi. Moto wa kusafisha mashamba upigwe marufuku. Kingo za mito zisilimwe, na miteremko mikali mno iachwe ipumzike. Amri zilipitishwa kupitia utawala wa wenyeji, yaani Sultani na watu wake, zikawa sheria ndogo. Asiyechimba matuta alipelekwa barazani akalipa faini.

Lazima niwe mkweli hapa, maana sisi waandishi tunapenda hadithi ya mbaya na mwema. Tatizo lilikuwapo kweli. Watu walikuwa wameongezeka, mashamba yalipumzishwa miaka michache kuliko zamani, na udongo ulikuwa unashuka mitoni. Mafuriko na tope vilisumbua mashamba ya mkonge huko chini tambarare. Mabwana shamba wa wakati ule hawakuota mmomonyoko. Waliuona.

Basi kwa nini watu walikataa?

Sababu ya kwanza ilikuwa kwenye udongo wenyewe. Sehemu nyingi za Uluguru rutuba imekaa juu tu, tabaka jembamba, na chini yake ni udongo maskini. Tuta la ngazi linachimbwa kwa kukata mteremko na kusawazisha. Ukilichimba bila uangalifu unaifukia rutuba na kuutoa nje ule udongo maskini. Mahindi yakipandwa hapo yanatoka ya njano, mafupi kama yameadhibiwa. Tena kwenye mteremko mkali wenye mvua nyingi, tuta linashikilia maji, udongo unalowa, unakuwa mzito, na kipande kizima kinaweza kuporomoka. Dawa iliyotakiwa kuzuia udongo usishuke ikawa wakati mwingine inaushusha kwa mkupuo. James Brain aliandika kuhusu mpango huu na kushindwa kwake mwaka 1980.

Ushahidi upo hukohuko Uluguru. Kule Mgeta, upande wa magharibi, matuta yalishika, na ukienda leo utayaona yamejaa kabichi, karoti na viazi. Kwa nini Mgeta ndiyo na Matombo hapana? Kwa sababu mboga zina soko, zinamwagiliwa na kutiwa samadi, na bei yake inalipa jasho la kuchimba. Mahindi ya kula nyumbani hayalipi. Mlima ni uleule na watu ni walewale, ila hesabu ya shambani ni tofauti. Amri haikuuliza hesabu hiyo.

Sababu ya pili ilikuwa kazi. Kuchimba matuta kwa jembe la mkono mteremkoni si mchezo, na kazi ile ilidaiwa juu ya kazi nyingine zote, bila malipo. Wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya kilimo, na kwa desturi ya tombo ndio ambao ardhi inapitia kwao. Lakini waliokaa na mabwana shamba kupanga walikuwa wanaume, Waingereza na watu wa Sultani. Mtafiti Pamela Maack ameandika sura nzima kuhusu upinzani huu katika kitabu kilichotoka mwaka 1996, kilichohaririwa na Gregory Maddox, James Giblin na Isaria Kimambo. Ukiisoma unaona kwamba kilio cha kukataa matuta kilikuwa kilio cha watu waliohisi kwamba jasho lao na ardhi yao vyote vinaamuliwa na mtu mwingine.

Sababu ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, nayo ni ya umiliki. Rudi kwenye ngoto na miti. Kama kupanda mwembe kwenye shamba la kuazima ni kudai ardhi, kuchimba tuta la kudumu ni nini? Aliyeazima akichimba, mwenye tombo anaona shamba linakwenda. Mwenye tombo akikataa, aliyeazima anapigwa faini. Bwana shamba hakuliona fumbo hilo kabisa. Na juu yake kukawa na hofu nyingine kubwa zaidi: serikali inayotaka kulitengeneza shamba lako kwa nguvu kiasi hiki, si inalitengeneza ili ilichukue? Watu waliokwisha kuona misitu yao ikitengwa na tambarare zao zikijaa mkonge wa walowezi hawakuwa wajinga kuwaza hivyo.

Wakati huohuo nchi ilikuwa inachemka. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa Dar es Salaam, na miongoni mwa waasisi wake 17 alikuwapo Mluguru, Patrick Kunambi. Si kwamba TANU ndiyo iliyowaamsha watu wa Matombo, maana waliokuwa wanachimba matuta hawakuhitaji kuambiwa kwamba wanaumia. Lakini malalamiko ya shambani yalipata lugha na yakapata chama.

Mwaka mmoja baadaye, Julai 1955, yakafika kileleni. Umati ulikusanyika Matombo kupinga matuta. Mawe yalirushwa. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akafa.

Baada ya hapo mpango ulikufa. Serikali iliacha kulazimisha matuta, na milima ya Matombo ikarudi kulimwa kama zamani. Mwaka 1960 Roland Young, profesa wa siasa kutoka Marekani, na Henry Fosbrooke, mtaalamu wa mambo ya jamii aliyefanya kazi serikalini Tanganyika, walichapisha kitabu kizima kuhusu ardhi na siasa za Waluguru. Tangu hapo wasomi wameendelea kuuliza ilikuwaje mpango wenye nia ya kuokoa udongo ukaishia na maiti.

Mimi nasema hivi. Watu wa Matombo hawakukataa kupangiwa matumizi ya ardhi kwa sababu hawakutaka mpango. Walikuwa na mpango wao, wa tombo, ngoto na miti. Walikataa mpango usiowatambua kuwa wenye ardhi, usiowauliza na usiowapa kitu. Hayo ndiyo mambo matatu. Na tangu 1955 mpaka leo, kila kanuni ya ardhi iliyopitishwa nchi hii unaweza kuipima kwa hayo matatu.

Hebu tuipime historia iliyofuata. Mwaka 1956, mwaka mmoja tu baada ya Matombo, Waingereza walipitisha Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya Tanganyika. Hiyo ndiyo iliyoweka msingi wa ramani za mijini: hapa makazi, hapa biashara, hapa viwanda, hapa wazi pasijengwe. Wazo lenyewe lilikuwa la dunia nzima wakati ule. Jiji la New York lilianza kugawanya mitaa yake kwa matumizi mwaka 1916. Sheria hiyo yetu iliishi miaka hamsini na kitu, mpaka ilipoondolewa na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Kwa hiyo anayegombana na ofisi ya mipango miji kuhusu gereji yake anagombana na mtoto wa sheria ya 1956.

Baada ya Uhuru umiliki binafsi wa kudumu uliondolewa mwaka 1963 na ardhi ikabaki ya umma. Machifu waliondolewa pia, na wakubwa wa tombo wakabaki bila cheo cha serikali, ingawa kijijini heshima yao iliendelea. Amri za kilimo hazikwisha na mkoloni. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya 1974 na 1975, na sheria ndogo za kila kaya kulima ekari kadhaa za zao fulani. Waliokuwa wamepinga matuta waliona bwana shamba amebadilisha rangi tu.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1999, kwa Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5. Zilianza kutumika Mei 2001. Ardhi yote bado ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Lakini haki ya kimila sasa ina uzito sawa na hati ya mjini. Kijiji kinasimamia ardhi yake kupitia Halmashauri ya Kijiji, nayo haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wanakijiji wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi namba 6 ya mwaka 2007 imekipa kijiji kazi ya kuandaa mpango wake chenyewe, ukiidhinishwa na mkutano huohuo.

Kwa maneno mengine, sheria ya leo inakipa kijiji kile ambacho Matombo ya 1955 haikupewa: kiti mezani. Tatizo ni kwamba kiti hakina maana kama hujui kipo.

Hapo ndipo naingia nyumbani kwetu. Mwaka huu mjomba wangu, anayesimamia shamba la tombo letu huko tarafa ya Matombo, alinipigia simu. "Mjomba, wewe si mwandishi? Njoo utusomee makaratasi." Kijiji kinaandaa mpango wa matumizi ya ardhi. Kwenye rasimu ya ramani, kipande chetu cha chini kando ya kijito kimepakwa rangi ya hifadhi ya maji. Hapo kuna migomba aliyoipanda bibi. Kipande cha juu kimeandikwa kilimo chenye miti. Wajomba wamegawanyika. Baadhi wanasema tusiende mkutanoni kabisa, kwani hata babu zao waligoma. Wengine wanataka tupasue shamba kabla mpango haujapita, kila mwanamume achukue hati ya kipande chake.

Nilikaa nao nikawaeleza ninayoyajua, na nayaandika hapa kwa faida ya yeyote mwenye shamba kijijini.

Kwanza, mita 60. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mto au chanzo cha maji. Hiyo haikutungwa na mtendaji wa kijiji na haitafutwa na kelele zetu. Lakini soma maneno yenyewe. Inazungumzia shughuli, haisemi kwamba ardhi imebadilisha mwenyewe. Swali la kuuliza ni hili: katika mita hizo tunaruhusiwa nini? Majani ya mifugo? Miti ya matunda? Mizinga ya nyuki? Mpango wa kijiji ndio mahali pa kuandikisha majibu hayo, na asiyekwenda mkutanoni ataandikiwa na wengine.

Pili, ardhi ya hatari. Sheria ya Ardhi inakubali kwamba miteremko mikali kupita kiasi inaweza kutangazwa kuwa ardhi ya hatari, na hapo isilimwe. Ila kuna utaratibu: waziri, tangazo, na nafasi ya wenye ardhi kusikilizwa kabla Rais hajatangaza. Mtu akikuambia kwa mdomo kwamba shamba lako ni la hatari, muombe kwa adabu akuonyeshe tangazo.

Tatu, hati. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa jina la mtu mmoja, la familia au la kikundi. Hapa niliongea kwa ukali kidogo, ingawa mbele ya wajomba mtoto hasemi ovyo. Tukipasua shamba na kuandika majina ya wanaume watano, tumelizika tombo. Mjomba akifa, hati itafuata watoto wake, ambao si wa tombo letu, na mama zetu wadogo na dada zetu watabaki na historia tu. Kuna njia ya kuandika hati ya pamoja yenye majina ya wanawake. Babu zetu walilinda ardhi isiende kwa mkoloni. Itakuwa aibu sisi tuipoteze kwa foleni ya kupiga picha ndogo za hati.

Nne, muhtasari. Kila kinachokubaliwa mkutanoni kiandikwe, na omba kuuona. Ugomvi ukitokea, Baraza la Ardhi la Kijiji lipo kusuluhisha, lina wajumbe saba na watatu kati yao lazima wawe wanawake.

Mjomba mmoja akaniuliza, na ni swali la haki: "Sawa, tuache kulima kijitoni ili maji yashuke Dar. Sisi tunapata nini?"

Nikamsimulia habari ya Kibungo Juu, kwenye milima hiyohiyo. Miaka ya mwisho ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi wa kuwalipa wakulima wanaotunza vyanzo vya maji. Fedha nyingine zilitoka kwa watumiaji wa maji walio chini, wakiwemo DAWASCO, shirika lililokuwa likigawa maji Dar es Salaam, na kiwanda cha Coca-Cola. Wakulima walilipwa kwa kupanda miti, kuweka mistari ya majani na, shikilia kiti, kwa kuchimba matuta! Kitu kilekile ambacho kizazi kimoja kilipigwa faini kwa kukikataa, wajukuu wao walilipwa kwa kukifanya. Mradi ule ulikuwa mdogo na ulikuwa na muda wake, sitaki kuupamba. Lakini ulikiri jambo ambalo mpango wa 1950 haukukiri: udongo wa juu ukitunzwa, anayefaidi ni wa chini, kwa hiyo wa chini naye achangie.

Na wa chini anazidi kuuhitaji mlima. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kuipa Dar es Salaam maji mwaka 1959, miaka minne tu baada ya Matombo, ukafuata wa Ruvu Chini mwaka 1976. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru ikatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, karibu hekta 24,000. Mwishoni mwa Oktoba 2022 Ruvu ulipungua mpaka jiji zima likatangaziwa mgao, na mwezi uliofuata serikali ikasaini mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda. Kila hatua ya namna hii inaongeza kanuni kwenye shamba la mtu wa mlimani. Mtu wa Sinza akifungua bomba hajui kwamba kuna bibi Matombo ameambiwa asilime mita 60 kwa ajili yake.

Mkutano Mkuu wa kijiji chetu bado haujaitishwa. Mjomba amekubali kwenda, na amesema mama zangu wadogo wote wanne watakwenda naye. Kuhusu hati bado tunabishana, na ubishi wa Waluguru mnaujua.

Basi ndugu yangu mwenye shamba, usidanganywe na wanaosema kwamba mali yako ni yako na mtu asikuingilie. Haijawahi kuwa hivyo, hata kabla ya Mjerumani. Wala usidanganywe na ofisa anayesema sheria imeshapita, kaa kimya. Uliza nani ameandikwa kuwa mwenye ardhi, nani aliulizwa, na nani anafaidi. Matombo waliuliza wakati hakuna mkutano wa kuulizia. Wewe unao. Nenda.